Mtu wa Mlangoni

9 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, ila goti la Mama limeanza vitimbi: asubuhi linakubali, jioni linagoma. Mimi nimezama kwenye sare za shule. Wazazi wote wamekumbuka wiki moja kwamba watoto wana miguu inayorefuka, na kila mmoja anataka suruali yake jana.

Mama ametangaza mtaa mzima kwamba umepelekwa kusomea cheti. Juzi nilimsikia akimwambia muuza mkaa kwamba mwanawe atakuwa daktari wa matangi. Nimemwacha. Hana mambo mengi ya kumfurahisha siku hizi.

Sasa niambie wewe mwenyewe. Kwenye simu ulisema "usafi wa matangi" harakaharaka, kama mtoto anayepita mbele ya wageni hana shati. Usafi gani huo? Tangi linaoshwa mtu akiwa nje, au anaingia ndani? Na usinipigie kunijibu. Kwenye simu wewe husema "niko salama, Dada," kama mlinzi anayekabidhi zamu, halafu salio linaisha. Andika.

Dada yako

2 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, nakula, nafua mwenyewe. Mwambie Mama goti alikande kwa maji ya uvuguvugu, asilipige ngumi. Barua yako ilikaa kwa karani wa basi mpaka ikaota mvi, usinihesabie kuchelewa.

Mtu anaingia, Dada. Matangi ya mafuta ya kula, ya molasi ya miwa, ya masalia ya viwandani. Tangi likishamwagwa hubaki tope chini, na tope halitoki kwa maombi. Mmoja anaingia na mkanda wa usalama mwilini, kamba imefungwa kwenye winchi, mashine ya kuvutia ya kuzungusha kwa mkono, juu ya mdomo wa tangi. Mwingine anabaki nje. Huyo wa nje anaitwa mtu wa mlangoni. Kabla ya yote hewa ya ndani inapimwa kwa kifaa, kwa sababu hewa mbaya haina harufu wala rangi.

Bila cheti huruhusiwi hata kushika kamba, ndiyo maana tunasoma. Mkufunzi wetu tumempa jina la Subiri, kwa kuwa ndilo neno lake. Ukinyanyua ngazi, "subiri." Ukifungua mfuniko, "subiri." Nafikiri hata mkewe alisubiri sana. Tumejifunza kuzima moto, kupanda juu na mkanda, na huduma ya kwanza kwa mdoli wa plastiki. Mimi nilimpulizia pumzi kwa bidii mpaka Subiri akaniuliza kama nimeshatoa posa.

Kazini niko na Fundi Mluzi na mdogo wake, tunayemwita Kitasa kwa kuwa mdomo wake haufunguki ovyo. Mluzi amepata jina lake kihalali. Akiwa ndani ya tangi hupiga mluzi mfululizo, ili wa nje ajue yuko sawa. Anasema ni bora kuliko kuulizwa "uko sawa?" kila saa.

Mafunzo yameisha vizuri. Msiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu. Mama amekataa maji ya uvuguvugu, anasema goti si nguo. Mimi nimeumwa mafua, nimepona. Paka wa jirani amezaa chini ya meza yangu ya kukatia, sasa kila nikivuta kitambaa natoka na mtoto wa mtu.

Nimekulea mimi, kwa hiyo nakujua. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unasema "chai ilikuwa tamu." Umeandika mafunzo yameisha vizuri. Hukuandika kwamba umefaulu. Mama ameshanunua fremu ya hicho cheti, na msumari ameupigilia mwenyewe, pembeni ya picha ya Baba. Fremu inasubiri tupu.

Barua zako namsomea, macho yake hayaoni tena mwandiko. Nikifika mahali nisipopapenda naruka. Ile ya mtu kuingia ndani ya tangi nimeiruka yote. Anaamini unaosha kwa mpira, umesimama juani.

Nijibu kwa ukweli.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini mafua yameisha kweli. Kwetu joto limezidi na mabati ya chumba changu hayana huruma.

Sikufaulu. Mengine yote nimepita, hata moto, hata kule juu. Nimeanguka kwenye mtihani wa mlangoni, mara mbili.

Mtihani wenyewe uko hivi. Wana tangi tupu lenye hewa safi. Mluzi anaingia, anafanya kazi, anapiga mluzi wake. Ghafla ananyamaza na kulala chini. Ni maigizo, wote tunajua. Mtu wa mlangoni apulize filimbi, aite kikosi cha uokoaji chenye mitungi ya hewa mgongoni, azungushe winchi, na abaki nje. Kuingia ni marufuku, hata akiwa ndani ni mama yako. Ukiingiza mguu mmoja, umefeli.

Mara ya kwanza niliingia. Subiri akasema ni kawaida, watu wengi hukosea. Mara ya pili nilijiambia njia nzima kwamba ni maigizo, Mluzi hana lolote, kalala huko anajikuna. Sauti ya mluzi wake ilipokatika nikajikuta niko ndani mpaka kiunoni. Sikumbuki kuamua. Mluzi mwenyewe akanitoa kwa mkono, akasema, "Ukinifuata, nani atamwambia mke wangu kwamba nimechelewa?" Watu wakacheka. Mimi nilitamani kulia.

Subiri aliniita pembeni akaniuliza ni nani wa kwetu aliyefia shimoni. Nikamwambia hakuna. Labda nilisema uongo bila kuujua vizuri, Dada, kwa sababu mimi ninachojua ni kile anachosema Mama: Baba alikufa akimwokoa mwenzake, na Baba mdogo akafa naye, mashujaa wote wawili. Hapo Mama hufunga mdomo na wewe huondoka kwenda kutafuta uzi.

Wamenipa nafasi moja ya mwisho, wiki ya mwisho ya Aprili. Nikianguka wananirudisha nyumbani. Wewe ulikuwapo siku ile. Niambie ilikuwaje.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Mama afadhali kidogo. Wale paka wamefumbua macho, wanatembea juu ya vitambaa vyangu kama wakaguzi. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja palepale pa siku zote.

Swali lako nimeliona. Usijitese sana na huo mtihani. Kazi zipo nyingi duniani, hata ufundi cherehani mwanaume anafanya.

Mama anauliza cheti.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti. Sikukuuliza habari za paka.

Sitaki kushona. Nataka kazi hii kwa sababu naiweza, isipokuwa mahali pamoja, na hapo mahali sipajui kwa kuwa hamkunionyesha. Nikisimama kwenye ule mdomo wa tangi, mwili wangu unanishinda. Umeshajazwa kitu, na mimi sikukijaza. Ukinyamaza nitaanguka mara ya tatu. Au mbaya zaidi, nitafaulu kwa bahati, halafu siku ya kweli niingie.

Nakuomba.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika tena. Mama amelala. Yote yaliyomo humu yabaki kwako.

Ulikuwa na miaka mitatu. Baba alikuwa kibarua kiwanda cha ngozi, kwenye karo la maji machafu, shimo refu lenye mfuniko wa chuma. Siku ile alisahau chakula chake. Mimi na Mama tukampelekea, wewe tulikuacha kwa jirani. Tulipofika tukakuta watu wamezunguka shimo wanapiga kelele. Mwenzake Baba alikuwa ameshuka kuzibua, na kamba kiunoni, akalegea hukohuko. Baba akashuka kumfuata, hana kamba, hana chochote. Hakujibu tena.

Baba mdogo naye alikuwa anafanya kazi palepale. Yeye alikuwa amesimama ukingoni, kajishika kichwa. Alikuwa anachungulia chini na haingii. Aliogopa, Mdogo wangu, na siku ile katika watu wote wale aliyeogopa ndiye aliyekuwa na akili. Mama akamkamata shati. Nilikuwa nimeshika kanga yake, nilisikia kila neno. Alimwambia, "Kaka yako yuko chini, na wewe umesimama tu?"

Akaingia.

Baadaye mlinzi wa geti akaja mbio, akaiona ile kamba imefungwa kwenye nguzo, akaivuta. Akatoka yule mwenzake Baba, akiwa hai. Kamba ilikuwa imemning'iniza juu ambako hewa ilikuwa afadhali. Baba na Baba mdogo, wao walifika chini kabisa. Walitolewa jioni.

Kamba ilikuwa pale muda wote. Baba aliiruka ili ashuke. Angeivuta, tusingezika mtu.

Mama aliniambia nisisimulie siku ile, na nimetii mpaka leo. Neno alilomwambia Baba mdogo hajawahi kulitaja, wala mimi sijawahi kumuuliza. Ndiyo maana anataka wawe mashujaa. Wasipokuwa mashujaa, lile neno lake atalipeleka wapi? Sisemi Baba hakuwa na moyo. Alikuwa nao. Lakini nimechoka kuona moyo ule unaning'inizwa ukutani ili na wewe uuige. Nina hasira naye hata sasa, naandika nikiwa na hasira, na nampenda.

Ukisimama kwenye huo mlango, usimwangalie aliye ndani. Angalia kamba.

Dada yako

5 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya mtihani. Niliisoma nimekaa kwenye ndoo nyuma ya bafu, nikakosa hamu ya kula mpaka kesho yake.

Nimefaulu. Mluzi alinyamaza, mimi nikapuliza filimbi, nikaita, nikazungusha winchi. Machozi yalikuwa yananitoka na kamasi juu, sikuwa na mkono wa kujifuta. Mluzi alipotokeza mdomoni mwa tangi, Kitasa alinipiga begani mara moja tu, na kwa Kitasa hiyo ni hotuba. Subiri hakusema "subiri." Alisema, "Sasa unaweza kwenda."

Cheti kiko ndani ya bahasha hii. Mpe Mama akitie kwenye fremu. Lakini kama inawezekana, kiwe ukuta mwingine.

Sijui nimwoneje Mama nitakaporudi. Simchukii. Najaribu kumwona alivyokuwa siku ile, mwanamke kijana ana chakula mkononi, na nashindwa kumkasirikia.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Mama alibusu kioo cha fremu mpaka nikalazimika kukifuta. Kuhusu ukuta, nilimwambia pale kuna unyevu. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Haya, weka unapotaka." Sikupenda alivyoniangalia. Kipo juu ya cherehani yangu.

Paka wawili wamepata wenyewe. Mmoja amebaki, tumemwita Mkaguzi.

Dada yako

6 Agosti

Dada, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Simu zenu niliziona, sikuwa na sauti ya kupokea. Wasalimie.

Mluzi amefariki.

Tulikuwa kwenye tangi la molasi. Hewa ilipimwa asubuhi, ilikuwa nzuri. Lakini tope lile ukilikoroga linatoa gesi yake, na tulitakiwa kupima tena baada ya kupumzika. Msimamizi alisema tunachelewa. Mluzi akasema pima, yule akasema ingia, na Mluzi akaingia. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilitakiwa kukataa kuachia kamba, cheti kinanipa haki hiyo. Hilo nitakuwa nalo maisha yangu yote.

Ndani kuna bomba, na kamba yake ilikuwa inanasa hapo kila akienda pembeni. Akaifungua. Sikumwona akiifungua, niliona tu kamba imelegea, na papo hapo mluzi ukakatika katikati ya wimbo. Nikapuliza filimbi, nikaita kikosi, nikazungusha winchi. Ndoano ya mwisho wa kamba ikapanda peke yake.

Nilijua alipolala. Kama hatua sita, Dada. Miguu yangu ilitaka kwenda, nakuambia kweli. Wakati huo Kitasa akaja anakimbia, na mkanda hana. Aliona ile ndoano tupu, akaelewa. Akanivaa ili apite. Hapo sikufikiri tena mambo ya mtihani. Nililala kifudifudi juu ya mdomo wa tangi nikauziba kwa mwili wangu. Alinipiga, aliniuma mkono, alilia, yule mtu asiyesema alisema kila kitu. Sikutoka. Chini yangu kulikuwa kimya.

Kikosi kilipofika kilimtoa Mluzi akiwa bado anapumua. Alifariki siku ya pili hospitalini.

Msibani mkewe alinifuata mbele za watu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mume wangu alikuwa ndani, na wewe ulikuwa umesimama tu? Na ukamzuia hata ndugu yake?" Dada, nilidhani naota. Maneno yalikuwa yaleyale ya Mama. Watu wote walinitazama. Kitasa alikuwa amekaa ukutani, hakuinua kichwa.

Mkononi nina alama za meno yake, zinapona. Kampuni inasema nilifuata utaratibu. Subiri alikuja chumbani kwangu akasema nilifanya sawasawa, nikamwomba aondoke. Msimamizi amehamishiwa kwingine. Nafikiri kurudisha cheti na kuondoka, sijui kwenda wapi. Nyumbani naona aibu kurudi.

Nimeandika kwako, si kwa Mama. Ukimsomea, ruka.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimelia mpaka wateja wamerudi na vitambaa vyao. Kuhusu kupima hewa, tutazungumza tukionana. Kosa lako ni lako, ila usibebe na la msimamizi. Usiende mahali popote kabla ya kusoma barua hii hadi mwisho.

Mama aliniona nikiisoma. Akasema, "Leo usiruke." Kumbe miaka yote alikuwa anajua ninaruka, anasema sauti yangu hukimbia nikifika pale. Nikamsomea. Nilipofika kwa mke wa Mluzi nilinyamaza. Akaniambia, "Soma." Nikasoma, neno kwa neno, sikuweza kumtazama.

Alilikanda goti lake kwa mkono. Halafu akauliza, "Huyo mdogo wa marehemu, yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akauliza, "Anakula?" Nikasema sijui, Mama. Akasema, "Lakini yuko hai." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta ameshafunga begi. Mama yetu, ambaye hajapanda basi tangu goti lianze. Nikamwambia barabara ni mbaya, nikamwambia nitakuja mimi. Akasema, "Wewe utamwambia nini yule mwanamke? Wewe ulishika kanga tu." Kumbe alijua kwamba nilisikia, na kwamba sijasahau. Tulisimama pale mimi na yeye tukashikana mikono.

Alichonituma nikuandikie ni hiki, na alikirudia mara mbili nisikosee: "Mwambie alisimama vizuri. Baba yake mdogo naye alikuwa anasimama vizuri, mpaka nilipofika mimi."

Anaondoka na basi la kesho, na barua hii inatangulia na la leo, nimemlipa karani akukabidhi mkononi. Mpokee stendi. Goti bovu ni la kulia, mshike upande huo akishuka, na usimuulize kitu njiani. Anywe chai kwanza. Halafu umpeleke nyumbani kwa mke wa Mluzi, umfikishe mlangoni, na usiingie naye. Subiri nje mpaka atoke.

Dada yako